Ari Bila Kengele

Katika shule nyingi za bweni nchini Kenya, kengele ni ringi kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mti, na mwanafunzi mwenye zamu huigonga kwa kipande cha chuma. Huigonga saa kumi na nusu alfajiri, watu waamke. Huigonga tena waingie prepu ya asubuhi, tena wakanywe uji, tena wajipange paredi, tena kila kipindi kinapokwisha, mpaka saa nne usiku taa zinapozimwa. Kijana wa miaka 16 anaweza kumaliza muhula mzima bila kuamua hata mara moja asome nini, asome saa ngapi, na asome kwa nini. Kengele imeshamwamulia.

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 amri ya kuzinyamazisha ringi hizo ilitolewa. Siku mbili kabla, Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Sasa Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule za kutwa zifungwe kesho yake, na za bweni ziwe zimewarudisha watoto makwao kufikia Jumatano. Stendi za matatu zikajaa masanduku ya bati na magodoro yaliyokazwa kwa kamba. Wapo walioacha vitabu madawatini, maana kila mtu alihesabu wiki tatu, nne hivi. Wengi wao wangerudi Januari 2021.

Mengi yamesemwa kuhusu miezi hiyo tisa na ushei, na sehemu kubwa imesemwa kwa lugha ya mitambo: nani alikuwa na simu, nani alikuwa na bando, nani alikuwa na umeme. Mhadhara huu unakwenda upande mwingine. Unauliza nini kilimpata kijana ndani yake alipoachiwa siku nzima iwe yake, na kwa nini wengi, hata waliokuwa na kila kitu mezani, walishindwa kufungua kitabu.

La mitambo lisemwe, lipite. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilirusha masomo kupitia redio ya KBC, televisheni ya Edu Channel na YouTube. Mwezi Julai kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya kampuni mama ya Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kupeleka intaneti kwa maputo makubwa yaliyoelea kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Maputo yenyewe hayakufikisha mwaka. Januari 2021 kampuni ilitangaza kwamba inafunga kazi. Na chini ya maputo hayo kulikuwa na nchi ambayo sensa ya 2019 ilikuta kaya chini ya moja katika kila kumi zina kompyuta, na chini ya moja katika kila tano zina intaneti. Hesabu hiyo inaeleza mengi, lakini haiwaelezi watoto wa mitaa ya wenye uwezo kama Kileleshwa na Nyali. Katika nyumba zenye Wi-Fi na meza ya kusomea, mzazi alilalamika kama yule wa kijijini: mtoto kafungua darasa la mtandaoni, kazima kamera, kajifunika shuka.

"Hana hata hamu," wazazi walisema.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kitu hicho ambacho mtoto hakuwa nacho, na tofauti zake si za urembo tu. Hamu na shauku huchipuka ndani ya mtu. Hamasa huja na spika na ngoma. Mtu huhamasishwa, na wahamasishaji wakipanda gari lao kuondoka, nayo huondoka. Motisha ni neno ambalo katika ofisi nyingi, hasa za Tanzania, mtu akilisikia huwaza bahasha kwanza. Kisha kuna ari. Kamusi za zamani huliweka neno hili jirani na aibu na heshima: mwenye ari ni yule anayeona haya kubaki nyuma ya wenziwe, asiyekubali kuzidiwa. Kumtia mtu ari ni kumgusa hapo hapo. Ndiyo kusema ari haikai na mtu mmoja chumbani. Inataka wenzio, inataka jicho la mtu.

Kijana aliyeshuka matatu na sanduku lake Machi 2020 alirudi na akili ileile na mtaala uleule. Aliyebaki nyuma ni mwenzake wa dawati, yule aliyemzidi alama mbili katika kemia muhula uliopita. Walibaki pia mwalimu aliyejua kwamba huyu akinyamaza sana ana jambo, na ubao wa matangazo ambapo majina hupangwa kwa alama kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ubao huo una ukatili wake, lakini ulikuwa ukimwambia kila mmoja yuko wapi. Nyumbani hakuna aliyemwambia.

Wanasaikolojia walifika karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 1971 Mmarekani Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu fumbo la kupanga vipande kuwa maumbo mbalimbali. Fumbo hilo linaitwa Soma. Jina halihusiani na kitenzi chetu, ila sadfa yake inachekesha. Katika awamu ya pili ya jaribio, kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo walilopatia, kundi la pili halikulipwa kitu. Malipo yalipoondolewa, wale waliolipwa walipungukiwa na hamu ya kulichezea fumbo katika muda wao huru. Pesa ilikuwa imeingia mahali pa raha ya kazi yenyewe, na ilipotoka haikuacha kitu. Deci na mwenzake Richard Ryan walijenga juu ya majaribio ya aina hiyo nadharia waliyoichapisha kama kitabu mwaka 1985. Wanasema mtu hujituma na kuwa na raha ya nafsi pale mahitaji matatu yanapotimia: aone anachofanya ni hiari yake, aone anakiweza, na aone kuna watu anaohusiana nao wanaomjali.

Ukiipeleka nadharia hiyo kwenye ile ringi ya lori, utaona jambo. Shule ya bweni humpa kijana wenzake kwa wingi, usiku na mchana. Humpa pia vipimo vya uwezo, pengine kupita kiasi: jaribio la kila wiki, mtihani wa nusu muhula, mtihani wa wilaya. Kitu isichompa ni hiari. Nyumbani, Machi 2020, mambo yakapinduka. Hiari ikamwagika kama maji ya bomba lililopasuka, siku nzima yake, wiki nzima yake, na mengine mawili yakakauka. Aliyezoea kuamuliwa kila kitu akakabidhiwa kila kitu aamue, tena siku mbaya kuliko zote, hofu iko redioni na baba kasimamishwa kazi. Kumwita kijana huyo mvivu ni kumwonea.

Kwamba mambo haya si ya Kenya peke yake ilionekana mapema. Shule za Austria zilifungwa wiki hiyohiyo ya Machi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, miongoni mwao Christiane Spiel, Barbara Schober na Marko Lüftenegger, wakawauliza maelfu ya wanafunzi wa sekondari jinsi wanavyoendelea. Huko kompyuta hazikuwa adimu namna yetu. Hata hivyo vijana waligawanyika, na mstari uliowagawa ulipita mahali palepale: wanaojiona wanaimudu kazi waliyopewa, na walio karibu na watu wao, ndio waliokuwa na nafuu ya moyo. Wanaojiona hawaiwezi ndio waliolalamika kwamba hawajui pa kuanzia, hawawezi kupanga siku, na kazi zimewarundikia.

Lakini ushahidi wenye nguvu kuliko dodoso lolote ulikuwa barabarani.

Mwalimu yeyote wa Kenya anamkumbuka yule mvulana ambaye mwezi Mei hakuweza kumaliza ukurasa mmoja wa fizikia, na mwezi huohuo alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, bila kengele, kwenda mjengo kubeba mawe. Wengine waliendesha boda boda. Wengine waliingia ziwani na wavuvi, walichuma majani chai, waliuza barakoa kwenye taa za barabarani. Uvivu uko wapi hapo? Kazi ya mjengo ilimpa yale matatu kwa siku moja. Amekwenda mwenyewe. Jioni ukuta umepanda tofali nne na yeye anauona. Mkononi ana pesa ambayo mama hakuwa nayo asubuhi. Na kuna fundi anayemwita kwa jina na kumkaripia akichelewa. Kitabu cha fizikia hakikuwa na fundi, wala hakikuwa na ukuta uliopanda.

Hatari yake ilikuwa hiyohiyo. Ari iliyohamia mjengo haikuwa rahisi kuirudisha darasani, na pesa, kama fumbo la Deci lilivyoonyesha, hukaa mahali pa vitu vingine.

Kwa wasichana mambo yalikuwa mazito zaidi, na hapa lazima mhadhara upunguze mwendo. Msichana aliporudi nyumbani hakupata hata ule uhuru wa kuchosha aliopata kaka yake. Alipata ndoo, jiko, mtoto mdogo wa kulea, na wakati mwingine mgonjwa wa kuuguza. Siku yake haikuwa na kengele ila ilikuwa na sauti zinazomwita tangu alfajiri. Watafiti walikuwa wakiwafuatilia wasichana wa sekondari katika Kaunti ya Siaya tangu kabla ya korona, kwa mradi mwingine kabisa, kwa hiyo waliweza kulinganisha waliomaliza kidato cha nne kabla ya shule kufungwa na wale ambao miezi hiyo iliwakuta njiani. Walichapisha matokeo mwaka 2022. Waliokutwa na kufungwa kwa shule walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza, na mara tatu ya kuacha shule. Shirika la Population Council, lililowauliza vijana wa kaunti kadhaa, lilikuta kwamba milango ilipofunguliwa Januari 2021, asilimia 16 ya wasichana na asilimia 8 ya wavulana hawakurudi.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama msichana wa Siaya alikosa ari, swali lenyewe limekosea mlango. Ari inahitaji saa mbili za mtu asizoitwa. Ni jambo dogo kulisema na kubwa kulipata katika nyumba ya chumba kimoja.

Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umefutwa. Kila mmoja angerudia darasa lake mwaka unaofuata. Kiafya uamuzi huo ulikuwa na hoja, na marehemu Magoha, daktari wa upasuaji, alisema mambo bila kuzunguka. Kwa kijana aliyekuwa bado anajikongoja na kipindi cha redio, hata hivyo, tangazo hilo lilisema kitu kimoja: ulichosoma tangu Machi hakihesabiki. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliambiwa Januari ataanza kidato cha pili. Asome nini Agosti?

Kisha ikatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Serikali ilibadili mawazo kwa sehemu, na tarehe 12 Oktoba 2020 ikawaita wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha nne. Watahiniwa wa kidato cha nne wakajikuta peke yao katika shule zilizojengwa kwa watu mara nne yao. Walimu wote wao, maabara yao, maktaba yao, na mtihani wao wa mwisho, KCSE, una tarehe: Machi 2021. Matokeo yalipotoka, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 143,140. Mwaka wa kabla ya korona walikuwa 125,746. Watahiniwa nao walikuwa wameongezeka, lakini hata ukihesabu kwa asilimia, waliofaulu walipanda kutoka kama 18 hadi 19.

Zipo tafsiri kadhaa. Mwenye mashaka atasema mtihani ulilegezwa. Mwingine atasema, na ana haki, kwamba walioacha shule hawakukalia mtihani, basi wastani ukapanda kwa kutokuwepo kwao. Lakini tafsiri ya walimu wengi ni ya kawaida zaidi: darasa lilikuwa dogo, mwalimu alimfikia kila mtu, na kulikuwa na tarehe. Kijana akijua anasoma kwa ajili ya siku gani, na akiwa na mtu wa kumwonyesha amefika wapi, miezi saba ya kupotea hufidika kuliko ilivyodhaniwa.

Tarehe. Ukizitazama nchi jirani, neno hilo linarudi. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi 2020. Mwezi Mei kidato cha sita waliambiwa watarudi tarehe 1 Juni na mtihani wao uko mwishoni mwa mwezi huo. Wengine wote walirudi tarehe 29 Juni. Namna nchi hiyo ilivyoushughulikia ugonjwa wenyewe ni hoja ya siku nyingine, lakini kijana wa kidato cha sita wa Tabora alikuwa na kalenda ukutani yenye duara jekundu. Burundi haikufunga kabisa. Uganda ilikwenda mbali kuliko wote: shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa mafungu, zikafungwa tena Juni 2021, na zikafunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kuliko huo. Watoto milioni 15 walihusika, na mamlaka ya mipango ya taifa ilikadiria kwamba kama asilimia 30 hawatarudi tena. Msichana aliyekuwa na miaka 14 siku ya kufungwa alirudi akiwa na 16, akapandishwa darasa bila mtihani na kukaa nyuma ya dawati lililomfika magotini.

Je, jicho la mtu linaweza kupita kwenye simu? Botswana walijaribu. Mwaka 2020 Noam Angrist na wenzake walichukua familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi. Nyingine walizitumia ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Nyingine waliongeza simu ya kama dakika 20, mzazi na mtoto wakiwa pamoja kwenye spika. Ujumbe peke yake haukufanya mengi. Simu ilisogeza hesabu za watoto kwa kiasi kilichoonekana. Simu hizo hazikuhitaji simu janja, kitochi kilitosha. Mtu angependa kuishia hapo, lakini Sierra Leone nao walijaribu simu za walimu, na alama za watoto hazikupanda. Pengine tofauti iko katika kile kilichosemwa simuni, au nani alikuwa upande wa pili wa laini. Walichokifanya Botswana ni kumuuliza mtoto hesabu na kusikia jibu lake.

Kuhusu moyo wenyewe, zao la Kenya linastahili kutajwa. Tom Osborn, Mkenya aliyesomea saikolojia Harvard, alianzisha na wenzake mpango walioupa jina Shamiri. Kiini chake ni vikao vinne vya kikundi, kimoja kwa wiki, vinavyoongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi, si madaktari. Huzungumzia jinsi uwezo wa mtu unavyokua kwa mazoezi, kushukuru kwa yaliyopo, na yale mtu anayoyathamini maishani. Washiriki hawaulizwi kama wana wazimu. Neno hilo halitajwi. Jaribio lililowahusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi lilichapishwa mwaka 2021, na waliohudhuria vikao hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Vikao vilifanyika kabla ya korona, shuleni, ana kwa ana, kwa hiyo haviwezi kudaiwa kuwa dawa ya kufungiwa nyumbani. Ila vinaonyesha kwamba kijana wa miaka 19 aliyepita njia hiyo jana anaweza kuwa lile jicho, na kila kijiji kilikuwa na vijana wa aina hiyo mwaka 2020, wamekaa vibarazani wakisubiri vyuo vifunguliwe. Hakuna aliyewaita.

Shule ziliporudi Januari 2021, nchi iliamua kuukimbiza wakati. Mihula mitatu ya mwaka ikawa minne, likizo zikakatwa, mitaala ikabanwa. Kengele iligongwa mapema zaidi kuliko zamani. Kufikia Oktoba na Novemba 2021 mabweni yalikuwa yakiwaka moto, shule baada ya shule, na Wizara ya Elimu ikalazimika kuwapumzisha wanafunzi wa sekondari kwa siku chache mwezi huo wa Novemba. Maoni yalikuwa mengi: bangi, nidhamu, wazazi. Wachache walikumbuka kwamba vijana hawa walikuwa wametoka kuishi miezi tisa kama watu wazima, wengine wakilisha familia, kisha wakarudishwa mahali ambapo hata kwenda chooni kunaombewa ruhusa.

Kalenda ilirudi mahali pake Januari 2023, mihula mitatu kama awali. Ratiba ya siku nayo iliwekewa kanuni za elimu ya msingi zilizochapishwa mwaka 2015. Kwa shule ya bweni zilipanga masomo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha michezo, kisha prepu ya usiku hadi saa tatu na nusu, na kulala hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja na nusu usiku ziliacha muda wa saa mbili na nusu wa shughuli ambazo mwanafunzi anajiongoza mwenyewe. Mgeni akizuru shule hizo saa kumi na mbili jioni, katika nyingi atawakuta wamekaa kimya madarasani, mwalimu wa zamu anapita na daftari, na chini ya mti yuko mmoja ameshika kipande cha chuma, macho kwenye saa.